Njia ya Chyulu na mfereji wa Tononoka

Mkaazi wa Tononoka hana mlima. Ardhi ya mtaa huu ni tambarare, na mtoto aliyelelewa baina ya uwanja wa Tononoka na Buxton huzoea kupanda ngazi za nyumba za ghorofa kabla ya kupanda kilima chochote. Si ajabu basi kwamba mjadala wa njia za milimani, zile zinazopitwa na magari ya nguvu na pikipiki za watu wanaojiburudisha, ukitajwa hapa huonekana kuwa ni shughuli ya watu wa bara, ya watalii na ya wenye fedha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ipo njia moja ya mlimani inayomhusu mkaazi wa Tononoka kila anapofungua mfereji wake, nayo ni ile inayopita juu ya mgongo wa vilima vya Chyulu.

Niliwahi kuwauliza wanafunzi wa shule moja ya upili hapa kisiwani swali jepesi: maji ya mfereji hutoka wapi? Wengi walijibu kwamba hutoka kwa kampuni ya maji. Mmoja, ambaye hapana shaka alikuwa mkweli kuliko wenzake, alisema hutoka kwenye mkokoteni. Darasa lilicheka nami nikacheka, lakini jibu lile lilikuwa na uzito wake, kwani mifereji mingi ya Mombasa hukaa siku kadhaa bila tone, na mitungi ya mkokoteni ndiyo inayookoa jahazi. Hata hivyo, hakuna aliyetaja Mzima, na hakuna aliyetaja Chyulu.

Chemchemi za Mzima zimo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Tsavo Magharibi. Bomba linaloleta maji yake Mombasa lilikamilika mwaka 1957, na urefu wake unapita kilomita 200. Si chanzo pekee cha maji yetu. Viko pia visima vya Baricho karibu na mto Sabaki, visima vya Tiwi, na chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba. Lakini Mzima ndiyo mama mkongwe, na maji yake yana jambo la kustaajabisha: mvua iliyoyazaa hainyeshi Mzima. Inanyesha juu ya Chyulu, makumi ya kilomita kutoka hapo.

Chyulu ni safu ya vilima vya volkano iliyo baina ya Tsavo na Amboseli. Vilele vyake ni mamia, vingi vikiwa na umbo la kawa iliyofunikwa juu ya sinia, na kilele kirefu kuliko vyote kinakaribia mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Ni milima michanga sana kwa hesabu ya wanajiolojia; moto wake wa mwisho ulitoka katika karne ya 19, si zamani hata kidogo. Kwa sababu mwamba wake una vitundu kama sifongo, juu yake hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua ikinyesha huzama. Huchujwa taratibu katika mawe ya volkano, husafiri gizani, kisha huibuka Mzima ikiwa safi kiasi cha mtu kuwaona viboko wakitembea chini ya maji. Upande wa mashariki wa safu hii ulifanywa Mbuga ya Taifa mwaka 1983, na upande wa magharibi ni malisho ya Wamaasai.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Hupandwa kutoka upande wa Kibwezi, ambako ndiko ziliko ofisi za mbuga, na baada ya mwinuko mkali hufuata mgongo wa safu, ikipenya nyika ya majani na vipande vya msitu wa ukungu. Gari dogo la mjini haliiwezi. Hutaka gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, na hata hilo, wakati wa mvua, hupanda likiyumba. Mandhari yake ni ya kupendeza mno. Asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro huonekana kana kwamba imesogezwa. Kwa hivyo njia hii ina wapenzi wengi, na miongoni mwao wako wanaokuja kwa ajili ya mandhari, na wako wanaokuja kwa ajili ya ugumu wa njia.

Hawa wa pili ndio wanaonishughulisha, na sitaki wadhaniwe kuwa ni watu wabaya. Mtu anayependa kupambana na mlima kwa gari lake hana dhambi, kama asivyo na dhambi anayependa kuogelea Mama Ngina mawimbi yakiwa makubwa. Tatizo ni kwamba kwake yeye tope si kizuizi. Tope ndilo lililomleta. Na udongo wa Chyulu, ambao kwa sehemu kubwa ni majivu ya volkano yasiyoshikana vyema, hauvumilii mchezo huo.

Inafaa tueleze hatua kwa hatua jinsi njia ya udongo inavyokufa mlimani, kwa sababu wengi hudhani huharibiwa na magari. Gari huanza tu. Muuaji ni maji. Gurudumu likipita juu ya udongo uliolowa huukandamiza na kuacha mfuo. Mfuo huo, ukiwa umeelekea chini ya mteremko, huwa tayari ni mtaro ambao hakuna aliyeuchora. Mvua inayofuata hukuta mkondo uliokwisha kuandaliwa, na maji hufuata mkondo. Yakienda kasi huchukua udongo. Yakichukua udongo, mfuo huwa korongo. Dereva anayekuja wiki ya pili huliona korongo na kulikwepa, akapita kandoni kwenye majani, akaanzisha mfuo mpya. Wa tatu humkwepa wa pili. Baada ya misimu michache, njia iliyokuwa na upana wa gari moja huwa uwanja wa makovu sambamba, na majani yaliyokuwa yakiishika mvua ili izame hayapo tena. Maji ambayo yalipaswa kushuka ndani ya mwamba hushuka juu juu, yakibeba majivu hadi bondeni.

Sidai kwamba gari moja, au hata magari mia, yatakausha Mzima. Huo utakuwa upuuzi, na wanafunzi wa jiografia wangenicheka kwa haki. Moto wa nyika, ukataji wa miti na ukame ni maadui wakubwa zaidi wa Chyulu. Lakini kilima kinachochujia jiji zima maji yake si mahali pa kuongeza adui mdogo juu ya wakubwa, hasa adui ambaye tunaweza kumzuia kwa jembe na kufuli.

Nimesema jembe na kufuli kwa makusudi. Utunzaji wa njia ya udongo mlimani ni kazi ya namna mbili tu: kuyaondoa maji njiani kabla hayajapata kasi, na kuifunga njia wakati udongo hauna nguvu. Yote mengine ni nyongeza.

Kuhusu jembe hapana siri. Njia hupewa mgongo katikati ili maji yaelekee kandoni. Kila baada ya hatua kadhaa, mtaro wa kando hutobolewa ili umwage maji yake nyikani yakiwa bado machache. Kwenye mteremko mkali hujengwa tuta dogo la mawe lililokingamishwa kwa mshazari, nalo huyapokea maji na kuyatupa pembeni. Penye kalivati, mdomo wake husafishwa kabla ya masika, si baada yake. Mtu mmoja mwenye jembe, sepetu na toroli anaweza kufanya haya yote. Greda likija mara moja kwa miaka mitatu haliwezi, kwa sababu maji hayangoji miaka mitatu.

Kenya ilipata kulijua jambo hili vizuri sana. Mwaka 1974 ulianzishwa mpango wa barabara za mashambani uliotegemea nguvu za watu badala ya mitambo, nao uliacha maelfu ya kilomita za barabara ndogo ambazo wakulima waliopeleka chai na maziwa sokoni wanazikumbuka. Lililokuwa zuri zaidi katika mpango ule halikuwa ujenzi, bali lililofuata. Barabara ilipomalizika, mkaazi wa jirani, mara nyingi mmoja wa wale walioijenga, alipewa kipande cha kilomita moja hadi mbili kuwa amana yake. Alikifanyia kazi siku 12 kwa mwezi, msimamizi akakipima, naye akalipwa kwa hali ya kipande hicho. Alikijua kama anavyoijua paa la nyumba yake: alijua ni wapi maji hukusanyika na ni jiwe gani huziba mtaro. Huduma hiyo ilidhoofika kila malipo yalipochelewa, na wahandisi wenyewe wamelalamika kwa miaka mingi kwamba fedha za kujenga hupatikana upesi kuliko fedha za kutunza.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mhandisi, na nitaruhusiwa kuuliza swali la fani yangu: kwa nini iwe hivyo? Sehemu ya jibu imo katika maneno tunayoyatumia. Sikiliza taarifa ya habari kwa wiki moja. Barabara "hujengwa", "huzinduliwa", "hufunguliwa rasmi". Vitenzi hivi vina mtendaji mwenye jina na cheo, vina utepe na mkasi. Kisha barabara hiyo hiyo "huharibika". Tazama muundo wa kitenzi hiki: hakina mtendaji. Barabara imejiharibikia, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Hatusemi nani aliyeacha mtaro uzibe. Na inapotengenezwa tunatumia "matengenezo", neno linalobeba kwa pamoja kazi ya kufufua kilichokufa na kazi ya kukizuia kisife. Hizo ni kazi mbili zenye gharama tofauti kabisa, na lugha yetu ya ofisini imezitia katika kapu moja. Yako maneno "utunzaji" na "udumishaji", lakini la kwanza limebakia kwa watoto na mazingira, na la pili kwa amani na nidhamu. Ni nadra kumsikia kiongozi akijisifu kwamba mwaka huu hakuna barabara mpya katika eneo lake bali zile za zamani zote zingali nzima.

Ajabu ni kwamba wazee walikwisha kulisema jambo hili kwa ukamilifu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mwanafunzi anaijua methali hii na kuiandika katika insha ya nidhamu shuleni. Ni wachache wanaofundishwa kwamba ni kanuni ya hesabu za fedha: ufa ni shilingi chache, ukuta ni nyingi, na tofauti baina yao ni muda.

Tuje sasa kwenye kufuli, ambalo ndilo gumu kukubalika. Kufunga njia huonekana kuwa ni kushindwa. Kwa hakika, mahali pengi ulimwenguni kufunga kwa majira ni sehemu ya kazi ya kawaida ya mtunza njia. Nchi za theluji zina barabara zao za majira ya baridi, zenye magari ya kusukuma theluji na malori ya kumwaga chumvi, na wanafunzi wetu wameona picha zake. Lisilojulikana sana ni kwamba maumivu makubwa ya barabara za udongo huko huja theluji inapoyeyuka. Jimbo la Vermont huko Marekani, ambako zaidi ya nusu ya barabara hazina lami, lina msimu unaoitwa kwa jina la matope. Katika miezi hiyo malori mazito huzuiwa kwenye barabara za vijijini, na wapanda milima huombwa wakae mbali na njia za juu hadi udongo ukauke. Uingereza nayo ina njia ya kale sana iitwayo Ridgeway, inayopita juu ya vilima vya kusini. Katika sehemu zake nyingi magari ya starehe hayaruhusiwi kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Aprili. Na tangu mwaka 2005, kanuni za idara ya misitu ya Marekani zinaitaka kila hifadhi ichore ramani inayoonyesha ni njia zipi zimeruhusiwa, kwa gari la aina gani, na katika miezi ipi ya mwaka. Njia isiyo kwenye ramani imefungwa.

Nina neno dogo kwa walimu wa Kiswahili katika hili. Mwanafunzi akikutana na majira ya baridi ya Ulaya katika kitabu cha Kiingereza, aghalabu huyaita "kipupwe". Si kosa la kumpiga kalamu nyekundu, lakini aelezwe kwamba kipupwe chetu ni ile miezi ya Juni hadi Agosti, kusi inapovuma na bibi akatafuta shali, na kwamba theluji, neno tulilolipata kwa Waarabu, haina nafasi humo. Lililo muhimu zaidi ni kwamba tunayo kalenda yetu ya hatari kwa njia za udongo: masika, ambayo wazee wa Mombasa huyaita mvua ya mwaka, na vuli baada yake. Huko Chyulu vuli ya Novemba huwa nzito kuliko masika. Anayetaka kuiga Ridgeway kwa kufunga njia kuanzia Oktoba hadi Aprili atakuwa ameiga kalenda ya watu badala ya kanuni yao. Kanuni ni kusoma udongo wenyewe.

Historia yetu ya michezo haitusaidii hapa. Mbio za magari za Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953, zilizoea kufanyika wakati wa Pasaka, yaani mvua inapoanza, na kwa miaka mingi zilipita katika vilima vya Taita. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, na mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Baba zetu walisimulia matope yale kwa fahari, na majina ya Joginder Singh na Shekhar Mehta yakawa majina ya nyumbani hadi Tononoka. Mbio hizo ziliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021 tulifurahi sote, na mwaka 2024 zikarudishwa tena kwenye Pasaka. Mimi pia hupenda kuzitazama. Lakini zimetulea katika imani kwamba tope ni kipimo cha dereva, na hadithi huishia pale gari linapovuka utepe wa mwisho. Mwenye punda aliyepita barabara hiyo wiki iliyofuata hana wimbo.

Upo mfano bora zaidi hapa hapa nchini. Mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989, huwapeleka madereva kwenye ardhi isiyo na njia kabisa, na mshindi ni yule anayevifikia vituo vyote kwa mwendo mfupi kuliko wenzake. Kwa maneno mengine, ni mchezo wa kuharibu majani. Lakini tazama ulivyopangwa: hufanyika siku moja kwa mwaka, hubadilisha mahali, wenyeji wa ardhi hutakiwa ridhaa, na kila gari hulazimika kuchangisha fedha kwa ajili ya hifadhi. Kwa fedha hizo ndipo ua wa umeme wa kilomita zipatazo 400 ulipozunguka safu ya Aberdare, kazi iliyokamilika mwaka 2009. Mwenye kutaka raha ya gari mlimani hulipa, na malipo yake huonekana kwa macho. Kule California, sheria ya mwaka 1971 ilifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine: sehemu ya ushuru wa mafuta yanayochomwa na magari ya starehe hurudishwa kwenye njia hizo hizo.

Ushuru wa mafuta tunao. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1993, na tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli hukatwa shilingi 25 kwa ajili ya kutunza barabara, kutoka shilingi 18 za hapo awali. Mwenye tuktuk wa Tononoka hulipa, na mwenye gari kubwa la kupanda Chyulu hulipa. Bodi ya Barabara, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, hugawa fedha hizo, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hupewa asilimia moja kwa barabara zote za mbuga na hifadhi zake. Asilimia moja kwa Tsavo zote mbili, Aberdare, Mlima Kenya, Meru, Shimba, Chyulu na nyinginezo. Ukizigawa fedha hizo utaona kwamba njia ya mgongo wa Chyulu, yenye wageni wachache wakilinganishwa na Amboseli, haiwezi kupata jembe la kila mwezi.

Kwa hivyo nina rai, wala si ngeni. Njia ya mgongo ibakie moja, iliyochorwa na kuwekewa alama, na kila kovu la kandoni lizibwe kwa mawe na matawi hadi majani yarudi. Ifungwe kwa magari ya starehe udongo unapolowa, na tangazo la kufungwa litolewe mapema, tena Kibwezi penyewe, ili mtu asisafiri kutoka Nairobi au Mombasa akafika langoni ndipo akaambiwa. Kila gari la starehe litozwe ada ya njia iliyo mbali na kiingilio cha mbuga, na ada hiyo isiende kwenye mfuko wa jumla. Iajiri vijana wa vijiji vilivyo chini ya mlima, kila mmoja na kipande chake, kwa utaratibu ule ule wa miaka ya sabini. Vile vile, kwa kuwa Mombasa ndiyo inayokunywa, sioni kwa nini senti chache za bili yetu ya maji zisipande mlimani kuwalipa wenye majembe. Tunalipia bomba na mita. Chujio lenyewe hatulilipii hata senti.

Najua upinzani utakaokuja. Atasimama mtu aulize: je, mkulima wa chini ya Chyulu naye afungiwe njia kwa sababu ya raha za wenye magari na kiu ya watu wa Mombasa? Swali hili ni zito. Ziko barabara za vijijini zinazoishia kwenye mipaka ya mbuga, na mama mjamzito hawezi kuambiwa angoje vuli iishe. Jibu langu ni kwamba njia ya mgongo na barabara ya kijiji ni vitu viwili, na kuzichanganya ndiko kunakomuumiza mkulima. Ya mgongo ifungwe. Ya kijiji ifunguliwe mwaka mzima, iwekwe changarawe na kalivati, na magari mazito ya starehe yazuiwe kuikoroga yanapoelekea mlimani siku za mvua, kwa sababu hayo hupita mara moja na mkulima hubakia na mifuo miezi mitatu. Pale ambapo fedha hazitoshi kwa zote mbili, ya kijiji itangulie. Katika hilo sina shaka hata kidogo, hata kama mfereji wangu ni miongoni mwa inayoingoja Mzima.

Ugumu wa kweli uko kwingine: nani atakayelishika kufuli? Mlinzi wa lango analipwa kwa serikali kupima mapato yake kwa idadi ya wageni. Kila siku ya kufunga ni siku isiyo na mapato, na mkubwa wake ataiona katika hesabu ya mwezi. Faida ya kufunga, kwa upande mwingine, haionekani katika hesabu yoyote; ni korongo ambalo halikuchimbika. Maadamu ripoti za mbuga zina safu ya wageni walioingia na hazina safu ya hali ya njia baada ya mvua, mlinzi huyo ataendelea kufungua. Sitamlaumu yeye.

Wala tusidhani kwamba elimu hii ya maji na mfuo ni ya mlimani peke yake. Mitaro ya Tononoka na Majengo hufuata kanuni ile ile, isipokuwa kwamba badala ya majivu ya volkano tuna mifuko na chupa, na badala ya mteremko mkali tuna ubapa unaoyachosha maji kabla hayajaiona bahari. Mwezi wa Novemba 2023 mvua za El Niño zilikata barabara ya Malindi pale daraja la Mbogolo, na hapa kisiwani watu wakatembea wameshika viatu mkononi. Ilisemwa tena kwamba barabara "zimeharibika". Mdomo wa kalivati husafishwa kabla ya masika, si baada yake. Nimekwisha kulisema hilo kuhusu Chyulu na sitalirudia kwa kirefu.

Kwa walimu wenzangu ninalo ombi la kazi ya likizo. Kila mwanafunzi amtafute mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya barabara kwa mikono, awe wa kaunti, wa reli au wa mpango ule wa miaka ya sabini, na amwulize majina. Ule mtaro mdogo unaotobolewa pembeni ili kumwaga maji nyikani unaitwaje? Lile tuta la mawe la mshazari? Ule mgongo wa katikati? Mtu anayekabidhiwa kipande anaitwa nani na wenzake? Mimi katika makala haya nimeyaeleza kwa maneno marefu kwa sababu kamusi zetu hazikunipa mafupi, na naamini kwamba wenye majembe wanayo, kwa Kiswahili, Kikamba au Kidawida. Orodha zikikusanyika, ziletwe ofisi ya mhariri. Nitazipanga na kuzichapisha katika safu hii, pamoja na majina ya shule.